Darubini Kwenye Miteremko ya Bukavu

Anayeingia Bukavu kwa barabara kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, hushuka hadi mto Ruzizi, hugongewa muhuri, huvuka daraja, kisha huanza kupanda. Kupanda huko hakuishi upesi. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Rasi tano za mji zimejichomeka ndani yake, na nyuma ya rasi hizo mitaa ya Ibanda, Kadutu na Bagira imekwea vilima hadi pale ambapo msingi wa nyumba moja unalingana na paa la jirani. Mahali tambarare pa kusimamisha tripodi huombwa kwa mwenye nyumba.

Niliingia na darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 80, kamera ndogo, simu, na tripodi niliyoivingirisha kwenye kitenge. Kitenge kilikuwa na kazi yake. Nchini Kongo daraja, mpaka na kambi ya jeshi havipigwi picha, na bomba jeusi juu ya miguu mitatu humtia wasiwasi askari wa upande wowote. Waasi wa M23 walikuwa bado hawajauteka mji. Hilo lilitokea Februari 2025. Hata hivyo maswali hayakukosekana. Afisa aliyenikagua alitaka kujua chombo hiki ni cha nini, nikamfungulia kitabu cha ndege chenye michoro ya rangi. Alipekua kurasa bila haraka hadi akampata fundichuma. "Huyu iko kwetu, pale mutoni," alisema, akalifunga begi kwa mkono wake mwenyewe.

Kupiga picha kupitia darubini si ufundi wa zamani. Mwaka 1999 Laurence Poh, mtazama ndege wa Malaysia, aliisogeza kamera ndogo ya kidijitali kwenye kioo cha jicho cha darubini yake, akaona kwamba picha inatoka, na inatoka safi. Habari zikaenea miongoni mwa watazama ndege duniani, viwanda vikaanza kutengeneza vishikizo vya kuunganisha kamera na darubini, na simu zilipopata lenzi nzuri kila mwenye darubini akawa mpiga picha. Hesabu yake haihitaji shule ndefu. Urefu wa lenzi ya kamera unazidishwa kwa ukuzaji wa darubini: lenzi ya milimita 50 nyuma ya darubini inayokuza mara 20 inafanya kazi ya lenzi ya milimita 1,000. Lenzi halisi ya kiasi hicho ni mzigo wa mtu mzima, na bei yake haisemeki mbele ya mke.

Ila mwanga una hesabu yake pia. Milimita 1,000 gawanya kwa 80 za lenzi ya mbele unapata 12.5, na hiyo ndiyo f ya kamera, iwe mchana wa jua au asubuhi ya ukungu. Ukizungusha kioo cha jicho hadi mara 60, f inaruka hadi 37.5 na picha inaingia giza. Wauzaji husifia hiyo 60 kwa herufi kubwa kwenye boksi. Kwa kutazama inafaa siku moja moja; kwa picha, atakayevuka 30 ajue anajitafutia taabu.

Na mtikisiko hukuzwa sawasawa na ndege. Darubini ikiinama kwa sehemu moja ya mia ya digrii, mtu haoni wala hasikii kitu, lakini mita 50 mbele shabaha imehama kwa karibu milimita 9. Huo ni karibu upana wa kichwa cha ndege mdogo aitwaye chozi. Upepo kidogo, kidole kinachogusa kitufe, au skrubu inayolegea taratibu, vyote vinaweza kuleta mwinamo huo na zaidi.

Katika Kivu Kusini tofauti kati ya picha kali na picha iliyotikisika ina uzito kuliko kwingine, na sababu yake iko milimani. Alexandre Prigogine, mhandisi Mbelgiji aliyezaliwa Moscow, alifanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Kamituga, kusini-magharibi mwa Bukavu. Dunia inamjua zaidi mdogo wake, Ilya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Watazama ndege wanamjua Alexandre. Yeye na wawindaji aliowalipa walikusanya ndege katika milima ya Itombwe, na ngozi za ndege hao zikasafirishwa hadi makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Machi 1951 alipatikana bundi mmoja huko Muusi ambaye hakufanana na bundi yeyote wa Afrika. Mwaka uliofuata Henri Schouteden akamwandika kama spishi mpya na kumpa jina la Prigogine. Agosti 1955 akapatikana kirukanjia jike. Huyo alikaa kwenye droo ya makumbusho kwa miaka 35 hadi Michel Louette alipogundua, mwaka 1990, kwamba si wa aina yoyote inayojulikana. Hadi leo ngozi ya kirukanjia huyo duniani ni hiyo moja.

Zama hizo, kumjua ndege kulikuwa kumwua. Rudolf Grauer wa Austria, ambaye jina lake limebaki kwa gorila wa hapa, alifanya hivyo mwaka 1908. Wamarekani John Sterling Rockefeller na Charles Murphy walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1920, na James Chapin akampa chozi wa vilele vya hapa jina la Rockefeller mwaka 1932. Sisemi hili kwa kuwalaumu. Hapakuwa na njia nyingine ya kuwaaminisha watu wa London au New York.

Mei 1996, miaka 45 baada ya Muusi, bundi wa Prigogine alinaswa tena Itombwe, safari hii kwenye wavu mwembamba wa watafiti. Wakampima, wakampiga picha, wakamwachia arudi msituni. Hakuna ngozi iliyokwenda popote. Kilichobaki mikononi mwa sayansi ni vipimo na picha, na picha hizo zilitosha kwa sababu ndege ameonekana ndani yake vizuri. Picha ya kidude cha kahawia kilichotikisika isingemthibitisha bundi wala kuku.

Kwa hiyo nilikwenda Bukavu nikiwa na hamu ya jambo dogo na kavu: namna ya kuifanya darubini na kamera vitulie juu ya tripodi kwenye nchi isiyo na tambarare.

Mama mwenye nyumba niliyofikia Muhumba, rasi ambayo wenyeji huiita pia La Botte kwa umbo lake la buti, aliniruhusu kutumia bustani yake inayoshukia ziwani. Chini yake midiria weusi kwa weupe walikuwa wakiwinda. Ndege huyu ndiye mkubwa kuliko wote anayeweza kuelea papo hapo hewani bila msaada wa upepo, kisha akajitupa majini kichwa mbele. Akielea, darubini haimfuati. Akirudi kwenye tawi au kamba ya mtumbwi na samaki mdomoni, humpiga samaki kwenye tawi mara kadhaa kabla ya kummeza, na hapo ndipo penye picha. Usiku wavuvi walitoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, taa zikiwaka, kutafuta sambaza. Sambaza si mzawa wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Leo Bukavu bila sambaza za kukaanga na bugali haifikiriki.

Tatizo la mizani huanza mara tu kamera inapofungwa. Watengenezaji huweka mguu wa darubini karibu na katikati ya uzito wake, ili ikae sawa ikiwa peke yake. Mtu akiongeza kamera nyuma, kitovu cha uzito kinarudi nyuma nayo. Chukua darubini ya kilo 1.7 na kamera pamoja na kishikizo chake, gramu 600, vikining'inia sentimita 22 nyuma ya mguu: kitovu kimehama kwa karibu sentimita 6. Kwa simu ya gramu 300 pamoja na kishikizo, inayokaa karibu zaidi, ni chini ya sentimita 3. Mzigo sasa unataka kuangukia kwa mpiga picha, na mdomo wa darubini unataka kutazama mbinguni.

Wengi hapo hukaza skrubu ya kichwa cha tripodi kwa nguvu zote. Kinachofuata kinajulikana kwa kila aliyejaribu: unamweka ndege katikati ya kioo, unakaza, unaachia mkono, na ndege anateremka hadi pembeni mwa picha, kwa sababu mzigo umelalia vyuma na vyuma vimejikunja kidogo. Unaanza kulenga chini kidogo ya ndege ili ateremke mahali pake. Ni kubahatisha, na mdiria hasubiri bahati ya mtu.

Dawa ni bamba refu la chuma lenye mfereji, linalofungwa chini ya mguu wa darubini na kusogezwa mbele au nyuma juu ya kichwa cha tripodi. Yanauzwa ng'ambo, Bukavu sikuyaona. Nikapanda Kadutu, kwenye vibanda vya mafundi karibu na soko, ambako sufuria, milango na mitambo ya kusaga hupata maisha mapya.

Fundi alisikiliza maelezo yangu ya vitovu na sentimita kwa heshima, kisha akanyoosha mkono. "Leta kwanza yenyewe, papa. Na ile aparei yake." Alilaza nondo ya mviringo juu ya meza, akaweka darubini juu yake ikiwa na kamera nyuma, kila kioo kimefunikwa, akawa anaibingirisha polepole huku viganja vyake viko wazi kwa chini. Mbele ikazama. Akairudisha. Nyuma ikazama. Akaisogeza upana wa ukucha, ikasita, ikatulia. Akachukua chaki akapiga mstari. "Kila kitu iko na kiuno yake," alisema, "hii yako iko hapa." Mstari ulikuwa nyuma ya mguu wa darubini kwa kiasi kile kile ambacho hesabu yangu ilikuwa imekitaja, tofauti ya milimita chache, naye hakutumia kalamu.

Bamba alilikata kwenye kipande cha aluminiamu kilichobaki kwenye fremu ya dirisha. Alitoboa matundu mfululizo, akayaunganisha kwa tupa hadi yakawa mfereji wa kupitisha skrubu ya robo inchi, ambayo ndiyo kipimo cha tripodi karibu zote. Juu akagundisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli ili darubini isizunguke. Ncha zote mbili akaweka skrubu fupi za kuzuia, mtu akilegeza kwa bahati mbaya darubini isichomoke ikaingia ziwani. Hizo skrubu za ncha zilikuwa wazo lake; mabamba ya dukani huwa hayana kila mara.

Kupima mizani baada ya hapo ni kazi ya dakika. Unalegeza skrubu ya kuinamisha huku mkono mmoja umeshika bomba, unasogeza bamba, unaachia kidogo kidogo. Darubini ikibaki ilipo, imekaa. Hufanywa kamera ikiwa imeshafungwa na kofia ya lenzi imeshatolewa, kwa sababu kuongeza au kuondoa chochote ni kuanza upya.

Hata hivyo hiyo ni mizani ya mahali tambarare, na Bukavu si mahali tambarare. Darubini hukaa juu ya ekseli ya kichwa cha tripodi, pengine sentimita 9 juu yake. Ikielekezwa chini kwenye maji kwa digrii 20, uzito unapita mbele ya ekseli na unataka kuendelea kuzama. Inabidi bamba lirudishwe nyuma kama sentimita 3. Ikielekezwa juu kwenye mti, kinyume chake: bamba mbele. Vichwa vya tripodi vya watu wa video vina springi ndani inayopambana na hali hiyo, navyo ni vizito na ghali. Kwenye bustani ya Muhumba niliweka alama tatu za chaki kwenye bamba: maji, usawa wa macho, miti.

Miguu nayo ina ugomvi wake. Kanuni moja inasema mguu mmoja uelekee kwenye shabaha, ili bomba lilale juu yake na mpiga picha asimame katikati ya miwili ya nyuma. Kanuni nyingine inasema kwenye mteremko miguu miwili iwe upande wa bondeni na mmoja upande wa juu. Ukitazama juu mlimani kanuni hizi zinapatana. Ukitazama chini ziwani zinagombana, na hapo mpiga picha aisikilize ya mteremko, hata kama mguu wa tatu utapita katikati ya viatu vyake na kumlazimisha asimame upande. Nguzo ya katikati isipandishwe kamwe. Ikipanda, tripodi imegeuka mguu mmoja. Udongo wa Bukavu ni mfinyanzi mwekundu, na baada ya mvua miguu huzama taratibu huku mtu akidhani tatizo ni kamera. Vibao vitatu vya mbao chini ya ncha vinatosha. Mkoba wa kutundikwa katikati kuongeza uzito nao usaidiwe na ardhi: ukining'inia huru, upepo wa alasiri kutoka ziwani unaubembeza na tripodi inabembea nao. Asubuhi mapema upepo huo haupo, na hewa juu ya maji bado haijaanza kumeremeta kwa joto.

Kutoka Bukavu hadi Tshivanga, lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ni zaidi ya kilomita 30, kwa barabara inayopita Miti na kukata kushoto. Hifadhi hii ilizaliwa mwaka 1970 kwa juhudi za Adrien Deschryver, Mbelgiji ambaye naye alikuwa mpiga picha. Mwaka 1975 ilipanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hadi 6,000. Mwaka 1980 ikawa Urithi wa Dunia. Tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Batwa waliokuwa wakiishi msituni waliondolewa ili ipatikane, na deni hilo halijalipwa mpaka leo. Wageni wengi huja kwa ajili ya gorila, ambaye hahitaji darubini.

Kijana wa Katana aliyeniongoza alitaka ndege. Yeye hutazama kwa darubini ya mkono yenye kioo kimoja chenye ukungu, na masikio yake yanafanya kazi iliyobaki. Ukingoni mwa msitu palikuwa na lobelia ndefu iliyochanua, na ndege chozi wakija. "Usimufuate, kaka," aliniambia. "Lenga ua. Iko anarudi." Ndivyo ilivyokuwa. Darubini ilifungwa kwenye ua, ukuzaji mara 20, bamba kwenye alama ya miti, na mikono ikaondoka kabisa. Simu ilifyatuliwa kwa kitufe cha sauti kwenye waya wa vipokea sauti vya masikioni, njia rahisi ambayo wengi hawaijui. Wasio na waya huweka kuchelewa kwa sekunde 2.

Aliyekuja alikuwa chozi wa aina ya regius. Kifua chekundu, na ubavuni mwa wekundu huo manjano wazi. Chozi wa Rockefeller, wa vilele vya juu, naye ana kifua chekundu, ila hana manjano hayo. Kwenye fremu nyingi nilizopata kabla hatujasawazisha bamba, rangi hizo mbili zilikuwa zimevujiana, na mtu mwenye tamaa angeweza kuandika jina lolote alilotaka. Kwenye fremu zilizotulia, mpaka wa nyekundu na manjano ulionekana unyoya kwa unyoya. Kijana alizikuza kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kuukubali ukweli: si Rockefeller. Alisikitika kidogo kuliko mimi.

Njiani kurudi tulipita Lwiro, kwenye majengo ya fahari ya taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947 na ambayo leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha Kongo. Ndege wa makumbusho, hapa kama kwingineko, huwa na kikaratasi mguuni: tarehe, mahali, mwinuko, jinsia, jina la aliyemkusanya. Bila kikaratasi, ngozi ni manyoya tu. Picha ya simu huja na tarehe, na ikiruhusiwa huja na mahali. Hiyo ruhusa, katika eneo lenye askari wengi, kila mtu aipime mwenyewe kabla ya kuituma picha kwa yeyote. Kijana wa Katana huizima, na huandika mahali na mwinuko kwa kalamu kwenye daftari la shule.

Bamba la Kadutu nilimwachia. Anataka kulipeleka kwenye kinamasi cha Musisi, ndani ya hifadhi, kumtafuta yule ndege mdogo wa kahawia wa matete anayebeba jina la Grauer, ambaye hujificha kiasi kwamba watu humtambua kwa wimbo kabla ya sura. Mpango wake si picha. Ataiacha simu irekodi video nyuma ya darubini, imelenga tete moja, dakika kumi kwa mkupuo, kwa sababu video inachukua sauti na sura kwa pamoja, na mwinuko wa Musisi tayari ameshauandika.